Kifungu cha Nne

Tunduma, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Loveness,

Ukoo mzima usimame, majirani wapunguze redio, na malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani yazime injini kwa dakika moja, maana kuna tangazo: mimi baba yako nimenyoa ndevu.

Zimenyolewa leo saa saba na nusu mchana, kwa wembe mpya, mbele ya kioo cha kabati la mama yako. Marehemu walikuwa nami tangu wiki ile niliyopigwa picha ya kitambulisho cha taifa, na sikumbuki kama waliwahi kumkosea mtu. Unaposoma haya utakuwa umeshamkuta hapa mlangoni, jioni uliporudi kutoka Mlowo kumuaga mama yako mdogo, mzee mwenye kidevu cha mtoto anayekwenda kipaimara. Natumaini hukushtuka, na kama kulikuwa na wageni hukucheka.

Sababu unaijua, kwa kuwa asubuhi ulikuwepo. Ulinikalisha kwenye kile kiti cha dukani, ukaegemeza simu yako kwenye kopo la sukari, akatokea yule dada wa Dodoma ambaye Jumatatu utakalia kiti chake. Akaniambia nishike kitambulisho karibu na shavu. Nikashika. Akatazama, akatazama tena, akasema, "Baba, sura ya kwenye kadi haina ndevu. Mfumo unagoma." Wewe ukadakia, kwa ile sauti yako ya kunitetea mbele za watu, kwamba ndevu huota. Akajibu kwamba yeye anajua huota, ila mfumo haujui. Tukapangiwa saa tisa, safari hii na wakili mwenyewe, nikiwa nimenyoa.

Ulicheka mpaka ukashika meza. Mimi nilicheka pia, lakini changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyesimamishwa na askari njiani, kisha akaachiwa kwa sababu kalamu yao imekwisha wino. Ulidhani naona uchungu kuachana na ndevu. Nilikuwa nazishukuru. Zilikuwa zimeniokoa na kifungu cha nne kwa saa tano nzima.

Najua ile hati ya kiapo uliisoma kwa haraka ya mtu anayefungasha mabegi, kwa hiyo nikukumbushe. Ofisi unayokwenda ni ya mawakili wanaothibitisha nyaraka kwa video. Mtu yuko Kanada, au yuko Saza kwenye machimbo hawezi kutoka, anataka kuuza kiwanja, au kumpa ndugu yake mamlaka ya kusimamia mali yake. Badala ya kupanda gari kumfuata wakili, anakaa mbele ya simu. Kazi yako ni kumpokea, kulinganisha uso na kitambulisho, kumsomea anachotaka kusaini, kisha kumkabidhi kwa wakili anayeweka muhuri. Na kwa kuwa hiyo ni kazi ya kuaminiwa, wanataka mzazi amdhamini mtoto wake kwa kiapo, naye aape kwa njia hiyohiyo ya video. Kiapo kiwe kimefika leo kabla ya saa kumi na moja. Kisipofika, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha. Uliniambia mwenyewe, "Baba, ni saini tu."

Kifungu cha kwanza kinasema mimi ni nani. Cha pili, kwamba wewe ni mwanangu. Cha tatu, kwamba una tabia njema, na hicho ningekiapia hata katikati ya usingizi. Cha nne kinasema hivi: "Kwamba mimi mdhamini sijawahi kushiriki, kusaidia wala kunyamazia udanganyifu wowote katika kutiwa saini, dole gumba au muhuri kwenye hati ya mtu mwingine."

Hapo ndipo viganja vilipoanza kuloa, na hata sasa ninavyoandika nimeweka kitambaa chini ya mkono ili nisichafue karatasi.

Sitakuandikia habari za sweta, maji ya kuchemsha wala namna ya kukaa na mwenye nyumba. Mama yako ameshaziandika kwenye karatasi ya daftari, pande zote mbili, na kabla hajatoka nilimsikia anachana nyingine. Mimi nimebaki na jambo moja tu, nalo sijawahi kumwambia mtu. Utalisoma ukiwa kwenye basi. Nimepanga hivyo makusudi, kwa sababu mtu aliye kwenye basi hawezi kuinuka akaondoka chumbani.

Wewe umekua ukinijua kama mwenye duka la madaftari na mashine ya kutoa nakala. Kabla ya duka nilikuwa na meza. Ilikaa kwenye kibaraza cha duka la vitenge, hatua chache kutoka mpakani, na juu yake kulikuwa na taipureta niliyoinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Sikusomea kazi ile. Nilimaliza darasa la saba, halafu nikasoma kila karatasi iliyotupwa nje ya ofisi: fomu za forodha, barua za watu waliokataliwa, hukumu walizofungia maandazi. Sheria yangu yote ilikuwa na mafuta ya kupikia. Lakini nilikuwa na miwani, na Wazambia wakaanza kuniita bashikulu, babu, hata sijafika miaka thelathini. Mtu akiitwa babu mapema huanza kuamini anajua mambo.

Nilianza na fomu za mizigo na barua za kuomba kazi. Baadaye nikaona kwamba watu wengi zaidi wanatafuta viapo na hati za mauziano. Huyu amepoteza kadi, yule anauza shamba, mwingine anataka kuonyesha kwamba mtoto ni wake. Karatasi ya namna hiyo haiwi kitu mpaka wakili aigonge muhuri, na wakili tuliyemtegemea alikuwa mmoja, mzee, Mungu amrehemu, miguu inamsumbua na watu wengi ofisini hawataki. Kwa utaratibu, mwenye karatasi alitakiwa asimame mbele yake, atie saini akiangaliwa. Lakini watu walitoka Ndalambo, walitoka mbali kuliko Ndalambo, wakifika wakili ametoka, warudi, waje tena wiki nyingine. Tukajitengenezea utaratibu wetu. Wao wanasaini mezani kwangu, mimi nakusanya wiki nzima, Ijumaa nampelekea mzee fungu zima limefungwa kwa kamba ya katani. Anagonga moja baada ya nyingine huku akiniuliza hali ya barabara.

Na chini ya kila karatasi kulikuwa na maneno ninayoyajua kuliko sala: kwamba hati hii imetiwa saini mbele yangu na fulani, ambaye ametambulishwa kwangu na fulani, ninayemfahamu binafsi. Yule fulani wa pili nilikuwa mimi. Kila karatasi. Nimewatambulisha kwa wakili watu wengi kuliko mchungaji alivyowabatiza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti cha ofisi ile. Watu walinishukuru, wengine wakaniletea kuku. Nilijiona nawapunguzia safari.

Ijumaa moja, nikiwa nafunga fungu, akaja mwanaume wa makamo na hati ya kuuza shamba huko Ndalambo, niliyomchapia mwanzoni mwa wiki. Muuzaji alikuwa mke wa marehemu kaka yake. Dole gumba lilikuwa limeshawekwa. Nikamwuliza mama mwenyewe yuko wapi, akasema mgonjwa, miguu imevimba, hawezi kupanda gari.

Nikaliangalia lile dole. Lilikuwa pana kama kifuniko cha soda, na pembeni kulikuwa na oili, ile nyeusi ya gereji. Nikauangalia mkono wa yule bwana alioshikia chupa yake ya soda. Kucha zake zilikuwa na oili ileile.

Niliona, Loveness. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Huwa mnanisifu hapa nyumbani kwamba sipitwi na kitu, kwamba namtambua mteja mwenye noti bandia kabla hajaingiza mkono mfukoni. Basi siku ile pia sikupitwa. Niliona, nikachapa jina langu kwenye nafasi ya mtambulishaji, kwenye hati na kwenye nakala yangu ya kaboni, nikaiweka hati katikati ya fungu, nikakaza kamba.

Sikuhongwa. Ningependa kukuambia nilihongwa, ingeeleweka. Nilifanya kwa sababu ilikuwa Ijumaa na mzee hufunga mapema. Nilifanya kwa sababu nikimkatalia, angekwenda meza ya jirani, na yule jirani hakuwa hata anajua kuandika "mauziano" vizuri. Zaidi ya yote, niliona haya. Kumkatalia ingekuwa kumwambia mtu mzima, mbele ya watu, kwamba ni mwongo. Sikulelewa kumwambia mtu hivyo. Kwa hiyo uongo nikamwambia wakili, kwa maandishi.

Ikapita miezi mitatu. Siku hiyo kulikuwa na vumbi, nimeifunika taipureta kwa kitenge, akaja mwanamke akakaa kwenye kiti cha wateja na kiroba chake miguuni. Jina lake Mama Esnati. Sikuwahi kumwona. Alinisalimia kwa Kinamwanga, nikaitikia, akafurahi kukuta mtu wa kwao mjini.

"Tata," akaniambia, yaani baba, "nimeambiwa wewe ukiandika, wakubwa wanasikia."

Akanieleza. Shemeji yake ameleta karatasi kwa mwenyekiti wa kijiji inayoonyesha kwamba yeye ameuza shamba aliloachiwa na mumewe. Karatasi ina muhuri, ina dole lake. Akanyoosha mkono akaweka dole gumba juu ya meza yangu, pale pembeni ya taipureta, akalikandamiza kama anayenionyesha inavyofanyika.

"Hili hapa dole langu. Tangu nimzike mume wangu halijatoka Ndalambo. Sasa hilo la kwenye karatasi limetoka wapi?"

Lilikuwa dole dogo. Limepasuka kwa palizi, na udongo umeingia kwenye mipasuko. Nililitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa, mpaka akaliondoa.

Alitaka nimwandikie malalamiko kwenye baraza la kata. Na mimi nikamwandikia. Hapa ndipo penye kosa lenyewe, mwanangu. Lile la kwanza naweza kulipunguza kidogo kwa kulitupia siku ya Ijumaa, lakini hili la pili nililifanya taratibu, kwa hati nzuri, nimekaa. Niliandika barua ambayo ungeisoma ungelia. Mjane, watoto, jembe, kaburi la mume lililo ndani ya shamba. Ila niliacha mambo mawili. Sikuandika jina la wakili aliyegonga muhuri, na sikuandika jina la mtu aliyemtambulisha. Bila hayo mawili, baraza lisingehangaika kutuita na kutuuliza.

Nikamsomea mpaka mwisho. Alinisikiliza huku amefumba macho.

"Umeweka yote?" akaniuliza.

"Yote, mama."

Akafungua kiroba, akanipimia maharage.

Barua ile ilishindwa. Baraza lilisema hati ya upande wa pili ina muhuri wa wakili na barua ya mama ina huzuni tu. Shamba likalimwa na mwingine. Nilisikia Mama Esnati amehamia kwa ndugu zake ng'ambo, upande wa Nakonde, halafu baada ya miaka nikasikia amerudi Ndalambo, amepewa kibanda na mwanawe. Mimi nilifunga meza mwezi uleule wa barua. Ulikuwa darasa la kwanza, ukaniuliza taipureta imekwenda wapi, nikakuambia utepe wake haupatikani tena madukani. Utepe ulikuwa unapatikana.

Na umeshamwona. Mwaka juzi tulipokwenda sokoni kununua mahindi ya mbegu, mwanamke mmoja mwenye ndoo ya maharage aliniita kwa sauti, "Mwandishi wangu!" Ukageuka kabla yangu. Alikushika mkono, akakuambia baba yako alimwandikia barua nzuri sana, bahati tu haikuwepo, akaongeza vikombe viwili juu ya tulivyonunua. Uliyabeba wewe yale maharage. Njiani ukaniuliza yule ni nani, nikasema mteja. Jioni nikasema tumbo linauma, sikula. Mama yako akanichemshia majani.

Hofu niliyonayo ina umri wako wa shule. Bahasha ya serikali ikifika dukani, naipitisha kwanza kwenye mwanga. Mwanamke mwenye kiroba akisimama mlangoni, nasubiri azungumze ndipo nipumue. Na sasa mtoto wangu, kati ya kazi zote zilizopo nchini, amepata ya kutambulisha watu kwa wakili. Ulipokuja na ile barua ya kuitwa kazini, ukiruka humu dukani, ulidhani nimenyamaza kwa furaha.

Nikuambie ninachokiogopa, na unisamehe kwa kuwa nakifikiria kama mhalifu. Kila mtu anasifia hii video, kwamba sasa mtu anaonekana, hakuna tena mafungu ya kamba ya katani. Kweli anaonekana. Lakini simu inaona mbele tu. Kama ningekuwa bado kwenye kazi yangu ya zamani, ningemkalisha Mama Esnati mbele ya simu, nimshikishe kitambulisho chake halali kabisa, uso wake halali kabisa, halafu mimi nisimame nyuma ya simu. Ukimwuliza swali, angeniangalia mimi kwanza. Ningeitikia kwa kichwa, naye angesema ndiyo. Mfumo usingegoma.

Kwa hiyo macho yake yakitoka pembeni kabla ya kila jibu, jua nipo. Ukimwuliza "umeelewa?", atasema ameelewa, sijawahi kuona mtu wa kwetu anayemwambia mwenye ofisi kwamba hajaelewa. Mwambie akueleze kwa maneno yake ni kitu gani anakitoa na nani anakipokea, halafu nyamaza, umwache ahangaike. Kama ni mtu wa huku, mwulize kwa Kinamwanga. Uongo tuliofundishwa kuusema kwa Kiswahili huwa haujafika kwenye lugha ya nyumbani. Na mwambie aizungushe simu chumba kizima, taratibu, hata kama anaona umemdharau.

Hapo kwenye kudharau ndipo penye hofu yangu. Siogopi kwamba utakuwa mwizi. Naogopa kwa sababu wewe ni mpole. Wewe ndiye uliyekunywa chai ya chumvi kwa shangazi yako ukasema tamu. Kutakuwa na siku mtandao unasumbua, foleni ni ndefu, wakili anauliza mmefikia wapi, na kwenye kioo kuna bibi ambaye macho yake yanatoka pembeni, na pembeni kuna sauti ya mtu mzima inayosema, "Dada, si umeshamwona?" Utaona haya. Najua zinavyokuja, zinapanda kuanzia shingoni. Mimi zilinigharimu dakika moja tu, na hiyo dakika haijaisha mpaka leo.

Basi, nimeanza kuhubiri, na ndevu za kuhubiria sina tena. Nikueleze ya saa tisa.

Mama yako alikuwa amekwenda kukununulia karanga za njiani. Nilikaa peke yangu, simu yangu kwenye lile kopo, na nilikuwa nimeshaamua. Nisikudanganye hapa pia: nilikuwa nimeamua kuapa uongo. Nilisema moyoni, mtoto aende, aanze maisha, mimi nitajua la kufanya na Mungu wangu. Nilikuwa nimefanya hata mazoezi ya sura wakati nanyoa.

Wakili akatokea. Ni binti, Loveness, hajakuzidi miaka mingi, amevaa miwani, nyuma yake kuna kalenda. Akaniamkia vizuri. Akalinganisha uso na kitambulisho, akaridhika, akasema nimependeza. Akaniuliza niko na nani chumbani. Nikasema peke yangu. Akaniomba nizungushe simu. Nikazungusha: madaftari, mashine, mlango, kuku wa jirani aliyekuwa ameingia. Akasema kuku si shahidi. Kisha akaacha kutabasamu, akauliza, "Baba, unaapa kwa hiari yako? Kuna mtu yeyote amekulazimisha?"

Ni maneno ya kawaida. Utayasema kila siku mpaka yakuchoshe. Lakini katika miaka yangu yote ya meza, katika mafungu yote yale, sikuwahi kumsikia mtu akiulizwa hivyo. Nikaliona lile dole dogo juu ya meza. Nikafungua mdomo kusema hakuna aliyenilazimisha, kikatoka kingine.

"Mama wakili, hicho kifungu cha nne siwezi kukiapia."

Akabaki ametazama kioo. Nikafikiri mtandao umekata, na nakiri niliomba uwe umekata. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na robo. Nikakuona uko Mlowo umekaa na mama yako mdogo, mnakunywa soda ya kuagana, begi lako hapa limeshafungwa zipu, na mimi baba yako nimetoka kuizima kazi yako kwa sentensi moja. Nilitamani niseme nilikuwa natania.

"Cha nne?" akasema. Akainamia karatasi zake, midomo inacheza, anasoma. Aliinua uso akauliza mtu aliyekuwa pembeni, ambaye mimi simwoni, "Hiki nani alikiweka?" Sikusikia jibu. Kisha akanigeukia. "Baba, samahani. Hiki kimetoka kwenye fomu nyingine ya zamani, mtu alinakili tu. Hatukihitaji. Tunakiondoa."

Nikaanza kumweleza. Nilisema, "Mama, kuna mwaka nilikuwa na meza pale mpakani," na nilikuwa tayari kusema yote, yamenifika hapa kooni. Akanikatiza kwa heshima zake zote. Alisema, "Baba, nina mtu wa Kanada anasubiri kwenye laini. Tumalizie, eti?" Nikaapa vilivyobaki. Nikasaini kwa kidole kwenye kioo. Ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa.

Ndiyo maana barua hii imekufikia wewe. Maneno yake yalikuwa yamefika mdomoni kwa ajili ya wakili, hakuwa na nafasi.

Hati ya mauziano ya Ndalambo, nakala yake ya kaboni, ninayo. Iko chini ya droo ya mashine, imekaa huko miaka yote; hata sijui niliiweka kwa ajili ya nini, labda nilijua. Ina jina la wakili na ina langu. Jumamosi nitaipeleka kwa Mama Esnati, na nitakaa chini nimwandikie barua upya, safari hii yote. Naogopa atakachosema, na zaidi naogopa asiposema kitu, akafungua kiroba tena. Yanaweza kunifika ya polisi. Yanaweza kukufika wewe pia huko kazini, watu wakijua wewe ni mtoto wa nani, na kwa hilo sina la kukuambia isipokuwa kwamba nimelifikiria mchana mzima na bado nakwenda.

Ila usiniamini. Nimekuonyesha mwenyewe mtu ninayeweza kuwa. Jumamosi saa nne asubuhi nipigie kwa video. Nikikuambia niko Ndalambo, niambie nizungushe simu. Unionyeshe kwamba huoni haya. Kama nyuma yangu kuna rafu za madaftari, kata simu, usiniamkie mwezi mzima.

Mama yako hajui lolote kati ya haya. Ukitaka kumwambia, una haki. Nakuomba tu iwe baada ya kula.

Nasikia mlango wa uani. Ni yeye na karanga zake. Basi lenu hupita Mlowo, kisha Mbeya, halafu inakuwa safari ndefu. Bahasha nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, chini ya karatasi zake za sweta. Hati yenye muhuri imeingia kwenye barua pepe ya duka saa kumi kasoro dakika tano, kabla ya muda wao. Nimeichapa, nimeisoma mara mbili. Wameondoa kile kifungu na kusogeza namba. Kifungu cha nne sasa kinasema kwamba ninaishi Tunduma.

Baba yako